Maua ya Uongo

Tulipomzika Shangazi Tusekile kule Kihesa, Iringa, kijana aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu alisoma vizuri, taratibu, mpaka alipofika mahali palipoandikwa kwamba marehemu hakujaliwa kupata mtoto. Hapo akashusha sauti, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyelala. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe alikuwa tasa, maskini." Niligeuka nikamtazama. Alikuwa binti mdogo tu, wa umri wa wajukuu zangu, na wala hakuwa na ubaya, alikuwa anahurumia. Sikumwambia kitu, maana msibani si mahali pa kusahihishana. Lakini niliporudi kwangu Ilomba, Mbeya, neno lile lilinikaa kooni siku nyingi, na ndiyo sababu nimekaa kuandika habari za mwaka mmoja nilioishi kwa Shangazi, katika miaka ya hamsini, nikiwa darasa la sita. Jinsi nilivyotolewa Mbeya nikapelekwa Iringa kusoma, nani alitaka na nani hakutaka, hayo nayaacha. Naanzia mlangoni kwake.

Mlango wenyewe ulikuwa mzuri kuliko nyumba. Mume wa Shangazi, Fundi Luka, niliyemwita mjomba, alikuwa seremala, Mhehe mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyokatwakatwa na patasi, na mlango ule aliuchonga mwenyewe ukawa na maumbo ya pembe nne yaliyopangwa kwa mistari. Ndani kulikuwa na vyumba vitatu vya matofali mabichi, na kuta za katikati hazikufika darini, kwa hiyo mtu akikohoa chumba kimoja, wa chumba cha tatu alimwambia pole. Wakati wa mvua mjomba alihamishia kazi yake chumba cha mbele. Maranda yalijaa sakafuni mpaka chini ya meza ya chakula, tukawa tunakula miguu ikiwa imezama humo, na harufu ya gundi ya kuchemsha ilichanganyika na harufu ya mboga. Mpaka leo nikipita karibu na karakana ya seremala nasikia njaa. Tulikula ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, maharage, viazi, na siku nzuri samaki wakavu. Shangazi alipika akiimba nyimbo za kanisani kwa Kinyakyusa, kwa sauti ndogo, kwa sababu majirani wote walikuwa Wahehe na alisema hataki kuwachosha.

Majirani walimwita Mama Fundi. Wanawake wengine waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Yohana, Mama Tumaini, naye aliitwa kwa kazi ya mumewe. Nilikaa wiki nyingi pale kabla sijaelewa kwamba jina lile lilikuwa linasema kitu. Nilielewa siku za Jumapili. Baada ya ibada dada mkubwa wa mjomba, Dada Rosina, alikuwa anakuja kula nasi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na jikoni alikuwa akikaa kwenye kigoda cha Shangazi huku Shangazi akipika amesimama. Mimi nilikuwa nachambua mboga pembeni, na mkubwa akizungumza mbele ya mtoto anayechambua mboga hudhani mtoto hana masikio.

"Ndugu yetu anazeeka, wifi," alisema Dada Rosina Jumapili moja. "Kila siku anatengeneza vitanda vya watoto wa watu. Cha mtoto wake atatengeneza lini?"

"Mungu anajua, wifi."

"Mungu anajua, ndiyo. Lakini sisi hatujui. Mimi sikuchukii, lakini hata ungekuwa wewe ni dada yake, ungesema."

"Ningesema," alijibu Shangazi. "Ngoja nikuongezee mboga."

Ng'ambo ya ukuta randa la mjomba lilikuwa linatambaa juu ya ubao, shwaa, shwaa, kisha lilinyamaza, kisha likaendelea. Jumapili hakutakiwa kufanya kazi. Nilidhani amesahau siku.

Shuleni mwaka ule tulipata mwalimu mpya wa maarifa ya mimea, Mwalimu Felista, binti wa Kibena asiyefika miaka thelathini, mwembamba, mwenye viatu vya turubai alivyovipaka chaki viwe vyeupe. Shule yetu ilikuwa ya wasichana, ya misheni, na tulizoea kufundishwa mimea kwa kunakili ubaoni: mzizi, shina, jani, ua, piga mstari. Yeye siku ya kwanza alitutoa nje. Alituambia kila mmoja ang'oe gugu moja na asiache hata uzi wa mzizi ardhini. Tulihangaika karibu kipindi kizima. Aliyedhani amemaliza, mwalimu aliinama akamwonyesha vinyuzi vyembamba kuliko nywele vilivyobaki kwenye udongo, akasema hivyo ndivyo vinavyokunywa, huo mzizi mnene unashika tu na kupitisha. Wiki iliyofuata alichukua bua changa la mahindi akalisimamisha kwenye kopo la wino mwekundu. Kesho yake alilikata kwa wembe mbele yetu, na ndani ya ule weupe tukaona vidoti vyekundu vimetapakaa kila mahali. Alituambia kila kidoti ni mrija, na maji yanapanda humo kutoka mzizini hadi ncha ya jani la juu kabisa. "Ndiyo maana mgema akikata ncha ya mwanzi, ulanzi unatiririka," alisema. "Mwanzi haulii. Unaendelea kupeleka juu kile ambacho juu hakuna tena wa kukipokea." Kila mmoja wetu alikuwa amekunywa ulanzi, yale maji ya mwanzi ambayo asubuhi ni matamu na jioni ni pombe, maisha yake yote, na hakuna aliyekuwa amejiuliza unatoka wapi.

Nimefundisha somo hilo hilo mimi mwenyewe kwa miaka mingi, hapa Mbeya, na nilikuwa na vitabu na michoro na maneno yote: chavua, stameni, ovari. Mwalimu Felista hakuwa na maneno hayo. Kiswahili cha vitabu vyetu vya wakati ule kilikuwa hakijayapata, kwa hiyo alitumia ya nyumbani. Chavua aliita unga wa ua. Ovari aliita tumbo. Nadhani hapo ndipo matatizo yalipoanzia, maana neno la kitabu halimshtui mtu, lakini tumbo kila mtu analo.

Ilikuwa mwezi wa pili, mvua zimeshika, na maboga yalikuwa yanachanua kila bustani. Alikuja darasani na ungo uliojaa maua ya maboga. Akampa kila mmoja wetu mawili.

"Hili lina nini chini yake?"

"Kiboga kidogo, mwalimu."

"Na hili jingine?"

"Halina kitu. Lina kikonyo tu, kirefu."

Alituambia tuguse katikati ya lile lisilo na kitu. Vidole vyetu vilitoka na vumbi la njano. Akasema unga huo lazima utoke kwenye ua hili ufike ndani ya ua lile, na nyuki ndiye anayeupeleka, na usipofika, kile kiboga kidogo kinakuwa njano, kinaoza, kinaanguka. Ndipo msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Kama watu, mwalimu?" Tulicheka sana, wengine mpaka kuficha uso kwenye meza. Mwalimu Felista hakucheka wala hakukasirika. Alingoja tunyamaze. "Kwa jambo hili, ndiyo, kama watu," alisema. "Mtoto anatoka kwa wawili. Chora maua yote mawili."

Niliyachora kwa uangalifu, nikapaka na rangi kwa kusugua ua lenyewe kwenye karatasi, na jioni nilifika na daftari mezani kama mtu aliyeleta zawadi. Nilimweleza Shangazi yote, ugali ukiwa unapoa: unga, nyuki, tumbo la ua, kiboga kinachoanguka, na nikamalizia na lile swali la msichana na jibu la mwalimu, kwa sababu lilikuwa tamu. Shangazi alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini polepole.

"Nani kawafundisha hayo?"

"Mwalimu Felista."

"Mambo ya matumbo? Wasichana wadogo? Kwamba tumbo lisilo na kitu linaoza?"

"Si hivyo, shangazi, amesema—"

"Nimesikia alichosema. Funga hilo daftari."

Mjomba alikuwa ameacha kutafuna. Aliinuka, hakunawa, akatoka nje kwenye mvua bila kofia. Sikuelewa kwa nini yeye atoke wakati anayegombezwa ni mimi. Usiku ule nililala nikiwa nimelikumbatia daftari, na Alhamisi Shangazi alipokwenda kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa, alikwenda nalo.

Sitaki kumsemea vibaya mtu yeyote wa siku zile. Kina mama walilipeleka daftari kwa mchungaji, mchungaji akawaita wazee wa kanisa, na wazee, ambao wote walikuwa na mabinti shuleni, waliogopa wakafanya kile ambacho watu wenye woga hufanya. Mwalimu Felista aliondolewa kwenye somo la mimea akapewa kushona tu, na ikasemekana shule ikifungwa kwa Pasaka atahamishwa. Somo letu alilichukua mwalimu mkuu mwenyewe, tukarudi kunakili ubaoni. Hakuna mwenzangu aliyejua habari zilitokea nyumba gani. Mimi nilijua, na nilikaa na jambo hilo siku nne. Siku ya tano nilimfuata chumba cha ushonaji wakati wa mapumziko. Alikuwa peke yake, anakata vitambaa.

"Mwalimu, ni mimi niliyesema nyumbani."

Hakuinua kichwa mara moja. Alimalizia mkato wake. "Ulisema uongo?"

"Hapana, mwalimu."

"Ulieleza vizuri? Kama nilivyoeleza mimi?"

Nilikumbuka nilivyokimbilia kwenye kichekesho. "Sijui," nilisema.

"Basi nenda ukaeleze tena," alisema. "Safari hii usimwambie. Mwonyeshe." Kisha akanipa pipi ya mnanaa, akaniambia niende nikacheze.

Nyuma ya nyumba Shangazi alikuwa na matuta ya maboga ambayo mwaka ule yalikuwa na majani mapana kama sinia lakini hayakuzaa. Vilitokea viboga vidogo vya ukubwa wa yai, vikapata njano, vikaanguka. Shangazi alisema ni mvua nyingi. Lakini nilikuwa namwona kila asubuhi, kabla jua halijapanda, akipita kwenye matuta na kikapu akichuma maua yote yenye vikonyo virefu. Aliyaita maua ya uongo. Alisema yanakula nguvu ya mmea bure, maana hayazai, afadhali yaingie sufuriani na vitunguu. Nilikuwa nimekula maua yale kwa wiki kadhaa bila kufikiri. Sasa nilifikiri. Kesho yake alfajiri nilikwenda kwa Mama Yohana, jirani yetu, nikaomba ua moja la uongo. Alicheka akanipa matatu. Nilirudi mbio, nikatafuta ua lenye kiboga lililofunguka asubuhi ile, nikalisugua ndani kwa unga, nikafanya hivyo kwa la pili, nikayafunga vikonyo kwa uzi mwekundu. Mawili mengine niliyaacha kama yalivyo. Nilipoinuka Shangazi alikuwa amesimama na kikapu chake.

"Unafanya nini kwenye maboga yangu?"

"Naeleza, shangazi," nilisema. "Haya yenye uzi nimeyapa unga. Yale mengine sikuyapa. Naomba usiyaguse siku sita tu."

Nilidhani atanipiga. Aliangalia uzi, ambao ulikuwa wa kwake, wa kufumia. "Siku sita," alisema, "halafu unang'oa magugu matuta yote peke yako."

Sikumbuki siku ndefu kama zile. Sijui Shangazi naye alizihesabu vipi, lakini asubuhi ya nne nilimkuta tayari yuko bustanini, amechuchumaa, khanga imelowa umande. Viboga viwili vyenye uzi vilikuwa vimevimba, vya kijani, vinang'aa. Vile visivyo na uzi vilikuwa njano, na kimoja kilikuwa kimeshaanguka. Alikiokota, akakigeuzageuza kwenye kiganja.

"Hiki kilikuwa kibovu?" aliniuliza.

"Hapana, shangazi. Kilikuwa kizima."

"Kizima."

"Kizima kabisa. Hakikupata unga tu."

"Kwa hiyo kosa si lake."

"Si lake."

Kisha akasema kwa Kinyakyusa, si kwangu, kwa udongo, "Miaka kumi na moja ya ndoa." Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na ndipo nilipoelewa, polepole, kama maji yanavyopanda shinani, kwamba siku ile mezani sikumletea somo la maboga. Nilimletea maneno ya Dada Rosina yakiwa yamevaa joho la shule, na yeye alijitetea kwa silaha pekee aliyokuwa nayo. Niliweka mkono wangu mgongoni kwake. Hakuuondoa. Tulikaa hivyo mpaka kengele ya shule ikalia na nikachelewa.

Jioni ile, tulipomaliza kula, alinituma kuosha vyombo jikoni, na nilikuwa nafuta sufuria kwa majivu nilipomsikia ng'ambo ya ukuta.

"Luka. Wewe umewahi kupimwa?"

Randa lilisimama.

"Kabla sijakuoa," alisema hatimaye, "nilipokuwa kwenye kiwanda cha mbao kule Mufindi, nilishikwa na matumbwitumbwi. Yakashuka chini. Nilivimba wiki mbili, siwezi hata kusimama. Dresa wa zahanati akaniambia, kijana, huenda usipate mtoto."

"Alisema huenda."

"Alisema huenda. Mimi nikaishika hiyo huenda. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Baadaye nikawa sijui niseme vipi."

"Na dada yako alipokuwa ananisema?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa unasikia."

"Kila Jumapili, Tusekile."

Shangazi hakupiga kelele. Ningependa kuandika kwamba alipiga kelele, maana nilikuwa naingojea, sufuria mkononi. Nilisikia tu kiti kinavutwa, hatua zake kwenye maranda, na alipoingia chumbani kwangu alikuwa amebeba blanketi. Alilala kitandani kwangu tangu siku ile. Asubuhi alimwandalia mjomba chai na viazi kama kawaida, akamfulia, akamkaribisha chakula, lakini hakumsemesha, na kuimba kulikoma. Mjomba alikuwa anafanya kazi mpaka mikono inavuja damu. Nimemfikiria sana mtu yule katika maisha yangu. Nilipokuwa kijana nilimwona mwoga tu. Baadaye nilikutana na wanaume wengi, wengine nilifanya nao kazi, mmoja niliolewa naye, na sikumwona hata mmoja aliyefanya kile alichokifanya Fundi Luka Jumapili iliyofuata.

Dada Rosina alikuja kama kawaida, akakaa kwenye kigoda kama kawaida. Alianza habari za binti mmoja wa Kalenga, mchapakazi, wa familia nzuri. Shangazi alikuwa anasonga ugali, hakujibu. Ndipo mlango wa jikoni ukawa na giza, na mjomba akasimama pale, kofia mkononi. Mwanamume hakuingia jikoni wakati ule, hata wa nyumba yake. Aliinama akaingia.

"Dada," alisema, "mwache mke wangu. Mimi ndiye sizai."

"Unasema nini, Luka? Nani kakuloga useme hivyo?"

"Hakuna aliyeniloga. Niliugua Mufindi. Nilijua kabla sijaoa. Nimemwachia yeye abebe, nanyi mmemwongezea, na mimi nilikuwa hapo nje nasikia. Leo nimekuja kuuchukua mzigo wangu."

Moshi ulitujaa machoni, na kila mmoja alipata kisingizio cha machozi. Mjomba alibaki amesimama kwa sababu hakukuwa na kiti kingine. Dada Rosina alikuwa mwanamke mgumu, lakini hakuwa mjinga. Aliinuka kwenye kigoda, akauchukua mwiko mkononi mwa Shangazi, akamalizia kusonga ugali yeye mwenyewe, akapakua, na sahani ya kwanza akampa Shangazi. Akasema, "Kaa, wifi." Shangazi akakaa. Nilimwona anakula chozi na mboga pamoja, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Watu wangependa nimalizie hapo, kwamba walipatana jioni ile. Shangazi hakurudi chumbani kwake jioni ile. Alirudi mahindi yalipovunwa, siku ambayo sikuambiwa sababu yake. Niliamka tu nikakuta blanketi halipo. Lakini Jumatatu iliyofuata Jumapili ile, asubuhi, alivaa gauni lake la ibada akaenda kwa mchungaji, nami nikiwa nyuma yake, akamwambia, "Baba mchungaji, nilileta neno hapa. Nimekuja kulichukua. Yule mwalimu alifundisha ukweli, mimi ndiye niliyesikia vibaya." Mchungaji alikuwa mzee mwema, na alivua miwani akasugua macho. Alisema barua imeshakwenda, na wamempata mwalimu mwingine, na Mwalimu Felista anaondoka Jumamosi kwenda shule ya mbali, upande wa Usangu. Alisema atamwombea. Shangazi alisema, "Asante, baba, lakini mimi nitamfuata kwa miguu."

Kutoka Kihesa tulipita mjini, tukashuka ule mteremko mrefu hadi Ipogolo, barabarani, ambako mabasi ya kwenda Mbeya yalikuwa yanasimama. Shangazi alibeba kifurushi cha mayai ya kuchemsha na mahindi. Njiani alikuwa anafanya mazoezi ya maneno kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, akiyapanga na kuyapangua. Mwalimu Felista alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati, viatu vyeupe vimejaa tope. Aliponiona alitabasamu. Alipomwona niliye naye, tabasamu likaisha.

"Kamwene, mwalimu," alisema Shangazi.

"Kamwene, mama. Wewe ndiye Mama Fundi?"

"Naitwa Tusekile." Alipiga goti moja, pale pale kwenye kokoto, mtu mzima mbele ya binti wa umri wa mdogo wake. "Mimi ndiye niliyepeleka daftari. Nilikuwa na kidonda, ukakigusa bila kujua, nikakupiga. Nimekuja kukuomba radhi. Kazi yako siwezi kukurudishia, nimejaribu."

Mwalimu alimshika mikono akamwinua haraka, lakini hakusema haraka. "Mama, sitakudanganya," alisema. "Nimekasirika. Shule ile niliipenda, na wasichana wale niliwapenda, na huko niendako nimeambiwa hakuna hata ubao." Shangazi alitikisa kichwa, akapokea. Niliona ni mara ya kwanza kwa siku nyingi mtu anamwambia ukweli papo hapo, na kwamba haukumwumiza. Kisha mwalimu akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. "Huyu alikueleza tena?"

"Alinieleza."

"Ulielewa?"

"Nilielewa, mwalimu. Sana."

"Basi," alisema Mwalimu Felista, na uso wake ukalegea. Alikipokea kifurushi kwa mikono miwili. Basi lilipokuja tulimsaidia kupandisha sanduku, huku nikimsimulia habari za maua ya uongo, na kabla halijaondoka alitoa kichwa dirishani akamwambia Shangazi, "Bakiza maua matano yenye vikonyo virefu. Mengine endelea kupika, ni mazuri na vitunguu." Sikumwona tena. Nilisikia baadaye kwamba huko Usangu aliolewa, akafundisha mpaka alipostaafu. Miaka mingi nilipanga kumtafuta, na sikwenda, na hilo nalijutia.

Tulisimama mpaka basi likapotea, kisha tukaanza kupanda mlima kurudi. Mchana ulikuwa na jua kali baada ya mvua, na mteremko ule ukiupanda ni mlima kweli. Shangazi alikuwa amechoka. Nilimwona mwepesi lakini amechoka, kama mtu aliyetua kuni na mabega bado yanazikumbuka. Nusu ya njia alisimama kwenye kivuli cha mti wa kando ya barabara, akavuta pumzi, akachuma jani moja akajipepea nalo. Baadaye akaacha kujipepea akaliangalia, mbele na nyuma, akilisogeza karibu na macho.

"Ua nimelielewa," alisema. "Sasa niambie na hili linafanya nini."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza kitu asichokijua. Nilianza kwa kigugumizi. Nilimwonyesha mishipa, nikamwambia ndiyo ile mirija inayotoka shinani, imegawanyika. Nikamgeuzia upande wa chini, nikamwambia mwalimu alitufundisha kwamba hapa pana vitundu vidogo, macho hayavioni, na hewa inaingia na kutoka humo.

"Kwa hiyo linapumua."

"Linapumua, shangazi. Na ndani humo linapika chakula cha mti mzima, kwa maji na hewa na jua."

"Bila kuni?"

"Bila kuni."

"Bila moshi?" Akacheka, kicheko cha ghafla kilichomshtua mwenyewe, akajifunika mdomo kwa jani lile lile. Halafu akanishika mkono, akaukaza, tukaanza kupanda tena.

"Endelea," alisema. "Mlima bado mrefu."